Zhou Ying: Mjane wa Anwu na Bei ya Hisani

Utangulizi

Katika historia ya Uchina ya kifalme, wanawake ambao majina yao yalihifadhiwa vizuri ni aghalabu wale walioishi karibu na kiti cha enzi: malkia, masuria wa mfalme na mama za wafalme. Mwanamke wa kawaida alikumbukwa kwa jina la baba yake au la mumewe, na mara nyingi hakukumbukwa kabisa. Zhou Ying, mjane wa ngome ya Anwu katika wilaya ya Jingyang, jimbo la Shaanxi, ni miongoni mwa wachache waliovunja kanuni hiyo. Hakuzaliwa katika kasri wala hakuolewa na mfalme. Alikuwa mfanyabiashara, tena katika jamii iliyowapanga watu katika madaraja manne: wasomi, wakulima, mafundi, kisha wafanyabiashara mkiani. Mwanamke, mjane na mfanyabiashara: alizibeba hali zote tatu kwa pamoja, na kila moja ilitosha kumfungia mtu milango.

Leo wengi wanamjua Zhou Ying kupitia tamthilia ya televisheni iliyooneshwa Uchina mwaka 2017, ambamo amechorwa kama mwanamke mcheshi, mwerevu na mwenye kupendwa na wanaume kadhaa. Masimulizi ya wenyeji wa Jingyang yanamkumbuka zaidi kwa ukarimu wake. Sura hizo mbili, ya mpenzi na ya mhisani, haziwezi kueleweka bila ya tatu, nayo ni ile ya dola iliyooza kwa mlungula katika miaka yake ya mwisho. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa jicho hilo, ili kuona hisani ilimgharimu nini mtu aliyeishi mahali ambapo kila kitu, hata cheo na haki, kilikuwa na bei.

Nasaba na Malezi

Zhou Ying alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860 katika kijiji cha Mengdian, wilaya ya Sanyuan, kaskazini mwa jiji la Xi'an. Ukoo wa Zhou ulikuwa wa matajiri wa siku nyingi. Mababu zake walikuwa wamejenga makasri kumi na saba yaliyopangwa pamoja, yenye nyua, nakshi za mawe na milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Hata hivyo, utajiri huo aliusikia zaidi kuliko alivyouona. Mwaka 1862 yalizuka mapigano makali baina ya Waislamu wa Shaanxi na majirani zao wa Kihan, yakaendelea kwa miaka mingi na kulikausha jimbo zima. Vijiji viliteketezwa, mashamba yakaachwa magugu, na makasri ya ukoo wa Zhou yakaangamia kwa moto. Lilinusurika moja tu, ambalo mpaka leo linatembelewa na wageni.

Binti huyo basi alilelewa katika kivuli cha ukubwa uliopita. Ajuaye kwamba nyumba kumi na sita kati ya kumi na saba zaweza kuwa majivu hawezi kuiamini mali kwa urahisi. Haikupita muda, janga la pili likaja. Kuanzia mwaka 1876 hadi 1879, ukame ulizikumba Shaanxi, Shanxi na majimbo jirani ya kaskazini. Inakadiriwa kwamba watu baina ya milioni 9 na milioni 13 walikufa kwa njaa na maradhi. Zhou Ying alikuwa bado mtoto mdogo. Kizazi chake chote cha Shaanxi kilikua kikijua kwamba ghala la nafaka ndilo mpaka baina ya uhai na mauti.

Ndoa Fupi

Alipofikia umri wa miaka kumi na saba hivi, aliozwa Wu Pin, mwana wa Wu Weiwen wa ngome ya Anwu. Ngome hiyo ilikuwa kijiji kilichozungushiwa ukuta, na ukoo wa Wu ulikuwa mashuhuri kwa biashara ya chumvi. Kwa vipimo vya wakati ule ndoa ilikuwa ya heshima: ukoo wenye jina uliunganishwa na ukoo wenye fedha. Lakini bwana harusi alikuwa mgonjwa. Masimulizi ya Jingyang yanasema harusi iliharakishwa kwa kufuata mila ya kale iliyoamini kwamba furaha ya arusi huweza kuyafukuza maradhi mwilini mwa bwana harusi. Ikiwa hayo ndiyo yaliyotarajiwa, hayakutimia. Wu Pin alifariki muda mfupi baada ya kuoa, na bibi harusi akavua vazi jekundu na kuvaa jeupe la msiba.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa cha mapenzi katika maisha ya Zhou Ying, nacho kimo katika sheria kuliko katika nyimbo. Sheria za nasaba ya Qing zilimruhusu mjane asiye na mtoto wa kiume kuisimamia mali ya marehemu mumewe kwa sharti kwamba abaki mjane, na kwamba ukoo umchagulie mtoto wa kulea atakayekuwa mrithi. Akiolewa tena, aliipoteza mali ya mumewe na hata mahari aliyokuja nayo kutoka kwao. Kwa upande mwingine, dola ilimtukuza mjane aliyefiwa kabla ya umri wa miaka 30 na akakaa peke yake kwa miaka mingi. Aliandikwa katika kumbukumbu za wilaya, na ukoo wake ukaruhusiwa kumjengea lango la mawe la heshima. Kwa hiyo mjane kijana alikuwa na njia mbili: apende na awe maskini, au atawale na awe mpweke.

Zhou Ying alibaki Anwu. Alichukuliwa mtoto wa ukoo akawa mrithi wa jina, naye mjane akashika funguo na daftari za hesabu. Haifai kulidhania tendo hilo kuwa la unyonge. Mjane aliyezikataa posa alikuwa pia analinda mamlaka ambayo mke wa mtu hakuwa nayo kamwe. Pasipokuwa na mume juu yake, na mkwewe akiwa marehemu, alikuwa mmoja wa wanawake wachache katika Uchina ya enzi ile walioweza kutia sahihi, kuajiri, kufukuza na kuamua.

Biashara ya Chumvi na Chai

Mali aliyoirithi haikuwa mahali pamoja. Wafanyabiashara wa Shaanxi walikuwa kwa karne kadhaa wakisafiri mbali na kwao, na mji wao mkuu wa utajiri ulikuwa Yangzhou, ulio kusini-mashariki karibu na mto Yangzi, zaidi ya kilomita 900 kutoka Jingyang. Sababu ilikuwa chumvi. Dola ilihodhi uuzaji wake, na aliyetaka kuiuza alihitaji kibali cha serikali na kulipa kodi kwa kila shehena. Kwa kuwa kila mtu, maskini na tajiri, alihitaji chumvi, kibali kilikuwa kama kisima kisichokauka. Lakini ndicho pia kilichowafanya wauza chumvi kuwa mateka wa watoa vibali.

Nyumbani Jingyang kulikuwa na biashara nyingine. Wilaya hiyo ilijulikana kwa chai iliyoshindiliwa mithili ya matofali na kuachwa iumuke mpaka ikaota ukungu wa rangi ya dhahabu ndani yake. Majani yaliletwa kutoka Hunan, yakasindikwa Jingyang, kisha yakabebwa na misafara kuelekea Gansu, Xinjiang na nyanda za wafugaji ambako nyama ililiwa kwa wingi na mboga zilikuwa adimu. Ukoo wa Wu unatajwa kuwa na maduka ya chai, nguo, dawa, nafaka na rehani katika majimbo kadhaa.

Kuisimamia mali ya namna hiyo kwa mjane aliyekaa ndani ya ngome kulitegemea watu. Mfumo wa wafanyabiashara wa Shaanxi ulimtenganisha mwenye mtaji na meneja wa duka. Meneja aliajiriwa kwa uaminifu na ujuzi wake, akapewa sehemu ya faida pamoja na ujira. Kazi ya mwenye mtaji ilikuwa kuzichunguza hesabu, kuchagua watu na kuwabadilisha walipomsaliti. Masimulizi yanamsifu Zhou Ying kwa jicho kali la hesabu na kwa kuwatunza wafanyakazi wake vyema, sifa mbili ambazo kwa kweli ni moja: mwajiri asiyeibiwa ndiye awezaye kulipa vizuri.

Dola Iliyouza Kila Kitu

Ili kuelewa hatari iliyomkabili, yafaa kuutazama utawala wa Qing ulivyokuwa ukiendeshwa. Mshahara rasmi wa mkuu wa wilaya ulikuwa liang 45 za fedha kwa mwaka. Liang moja ilikuwa na uzito wa gramu 37 hivi. Kwa kiasi hicho mkuu alitarajiwa kuwalipa makarani, wajumbe na washauri wake. Tangu miaka ya 1720 iliongezwa posho iliyoitwa fedha za kulisha uadilifu, iliyokuwa kubwa mara nyingi kuliko mshahara wenyewe, lakini nayo haikutosha. Makarani waliishi kwa ada walizojitungia wenyewe. Mkubwa alipelekewa zawadi za sikukuu na wadogo zake, na wadogo walizipata kwa wananchi. Mwaka 1799 ilipofichuliwa mali ya waziri Heshen, ilidhihirika kwamba mto huo wa hongo ulitiririka hadi kwenye ngazi za kiti cha enzi.

Zaidi ya hongo ya siri kulikuwa na ununuzi wa halali. Dola iliuza shahada na vyeo ili kujaza hazina, desturi ambayo haikusimamishwa rasmi mpaka mwaka 1901. Aliyenunua cheo kwa fedha alitaka kuirudisha fedha yake, na mwananchi ndiye aliyelipa. Wakati wa vita vya Taiping, kuanzia mwaka 1853, iliongezwa kodi ya bidhaa zinazopita njiani, iitwayo lijin, ambayo ilianzia karibu na Yangzhou kwenyewe. Kila kizuizi kikawa na mtoza kodi, na kila mtoza kodi akawa na mfuko wake.

Mfanyabiashara katika mazingira hayo hakuwa na mahakama ya kumlinda dhidi ya mkubwa. Alichokuwa nacho ni desturi ya kutoa. Dola ikipigana vita, wauza chumvi walitoa. Mto ukivunja kingo, walitoa. Mfalme akisafiri, walitoa. Kwa kutoa walipewa vyeo vya heshima, na cheo hicho kikawa ngao. Mchango huo uliitwa wa hiari, lakini hiari yake ilikuwa kama ya mtu anayemwachia simba mbuzi mmoja ili abaki na zizi.

Mwaka wa Njaa na wa Mama Malkia

Mwaka 1900 mambo yote hayo yalikutana Shaanxi. Katika kaskazini ya Uchina walizuka Mabondia, wakulima waliowachukia wageni na wamisionari. Mama Malkia Cixi, aliyeshika hatamu za utawala huku Mfalme Guangxu akiwa kama mfungwa, aliwaunga mkono na kuingia vitani na mataifa ya nje. Tarehe 14 Agosti majeshi ya mataifa manane yaliingia Beijing. Alfajiri ya siku iliyofuata Mama Malkia alitoroka akiwa amevaa kama mwanamke wa shamba, akipanda mkokoteni pamoja na mfalme. Safari yao ilipitia Huailai, Datong na Taiyuan, na tarehe 26 Oktoba wakafika Xi'an, mji mkuu wa Shaanxi. Hapo baraza la ufalme lilikaa kwa takriban mwaka mzima.

Lilikaa katikati ya njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana Shaanxi, na wakulima walikuwa wakila magome ya miti huku wengine wakifa kando ya barabara. Jingyang ndiko ulikoanzia mfereji wa kale wa umwagiliaji uliochimbwa mwaka 246 kabla ya Kristo, lakini baada ya karne nyingi mfereji ulikuwa umejaa matope na maji yake hayakuwafikia wengi. Wakati huohuo malipo na zawadi kutoka majimbo yote zilielekezwa Xi'an ili kulilisha baraza. Matowashi wa kasri, chini ya mkuu wao Li Lianying, walijulikana kwa kutoza ada juu ya kila kilichopita mikononi mwao. Aliyeleta ushuru bila kuwapa chao alingoja nje.

Ni katika mwaka huo ndipo jina la Zhou Ying lilipovuka ukuta wa Anwu. Masimulizi ya Jingyang yanashikilia kwamba alimtolea Mama Malkia liang 100,000 za fedha. Kwa uzito ni zaidi ya tani tatu na nusu, na ni sawa na mshahara rasmi wa mkuu wa wilaya kwa zaidi ya miaka 2,000. Yanaeleza pia kwamba Cixi, aliyekuwa mjane kama yeye, alipendezwa naye, akampa cheo cha bibi wa daraja la pili na baadaye la kwanza, na kumfanya kama binti yake wa hiari. Mjane wa mfanyabiashara akawa mtu ambaye wakuu wa wilaya walipaswa kumwinamia.

Masimulizi hayohayo yanakumbuka hisani ya upande wa pili. Zhou Ying anatajwa kufungua maghala na kuwagawia wenye njaa chakula, kugharimia ukarabati wa hekalu la Confucius la Jingyang, na kusaidia elimu katika wilaya yake. Hekalu hilo halikuwa mahali pa ibada tu, kwani ndipo palipokuwa kitovu cha elimu ya wilaya na mitihani yake.

Hisani Mbili

Msomaji makini hana budi kuzitenganisha hisani hizi mbili. Moja ilipanda juu, nyingine ikateremka chini. Iliyopanda ilikwenda kwa baraza lililoikimbia vita lililoitangaza lenyewe, lililozungukwa na matowashi wala rushwa, na ambalo mnamo tarehe 7 Septemba 1901 lilitia sahihi mkataba wa kulipa fidia ya liang milioni 450 kwa muda wa miaka 39, kwa riba ya asilimia 4. Mbele ya deni hilo, liang 100,000 ni tone baharini. Mkulima wa Shaanxi hakupata nafuu yoyote kwa fedha zilizoingia katika kasri la muda la Xi'an, kwani yeye ndiye aliyeongezewa kodi ili fidia ilipwe.

Je, Zhou Ying alaumiwe kwa kuulisha utawala uliowanyonya majirani zake? Hukumu hiyo ni nyepesi kuliko haki. Utajiri wake ulisimama juu ya vibali vya dola, na mwanamke asiye na mume, mwenye mrithi wa kulea na jamaa wa ukoo wenye kumezea mate mali yake, hakuwa na kinga nyingine. Cheo cha daraja la kwanza kilimpa kile ambacho sheria ilimnyima. Karani aliyezoea kubisha hodi kudai ada sasa alifikiri mara mbili. Pengine bila ngao iliyonunuliwa juu, ghala la chini lisingebaki na nafaka ya kugawa. Aliyeishi chini ya mti uliooza alilazimika kuuegemeza ili usimwangukie.

Lakini udhuru huo pia una mpaka. Ngao ya mtu mmoja si ngao ya jamii. Kila cheo kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kiliwafundisha waliotazama kwamba usalama hupatikana kwa malipo, na asiye na cha kulipa akabaki uchi. Hapa ndipo ulipo msiba wa watu wema katika utawala mbovu: wema wao huwaokoa wachache walio karibu, huku ukiupa ubovu wenyewe pumzi ya kuendelea. Zhou Ying aliishi katika msiba huo bila ya kuuumba.

Mwisho Wake na Alichokiacha

Tarehe 6 Oktoba 1901 Mama Malkia aliondoka Xi'an, na mwanzoni mwa mwaka 1902 akarejea Beijing. Alifariki Novemba 1908. Zhou Ying naye hakuishi sana. Alifariki akiwa na umri wa miaka arubaini hivi, kabla ya ufalme kuanguka. Tarehe 22 Oktoba 1911 wanajeshi waliasi katika Xi'an, na Februari 1912 mfalme wa mwisho, mtoto mdogo, alitangaziwa kung'atuka. Cheo alichokuwa nacho Zhou Ying kilikwisha pamoja na dola iliyokitoa. Si hivyo kwa kumbukumbu ya ghala lililofunguliwa, kwa maana vinywa vilivyokula viliwasimulia wajukuu.

Ukoo wa Wu ulitoa mtu mwingine mashuhuri. Wu Mi, aliyezaliwa Jingyang mwaka 1894, alisoma Harvard, akarudi kufundisha, na akawa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya fasihi linganishi nchini Uchina. Katika maandishi yake kuhusu maisha yake ameuzungumzia ukoo wake wa Anwu, na hivyo msomi akawa shahidi wa ulimwengu wa mfanyabiashara. Ngome yenyewe ilipata kazi mpya mwaka 1938, wakati wa vita dhidi ya Wajapani, ilipogeuzwa kuwa kituo cha Chama cha Kikomunisti cha kuwafunzia vijana. Hadi mwaka 1940, zaidi ya vijana 10,000 walikuwa wamepitia hapo. Nyua za mjane aliyepewa cheo na Mama Malkia zikawa madarasa ya wanamapinduzi.

Kisha ikaja tamthilia ya mwaka 2017, yenye sehemu 74, iliyoigizwa na Sun Li. Watunzi walimpa Zhou Ying vitu ambavyo maisha yalimnyima: ujana wa kutangatanga, kicheko, na wanaume waliompenda, akiwemo mwana wa ukoo uliokuwa mshindani wa ukoo wa Wu. Mwanafunzi wa fasihi hatashangaa. Utunzi huingia pale ambapo historia imenyamaza, na hujaza kwa kile ambacho hadhira ya leo inakitamani. Hadhira ya karne ya ishirini na moja haikuweza kumvumilia shujaa asiyependa wala kupendwa, kwa hiyo ikatungiwa mapenzi.

Hata hivyo, kuna hasara katika faida hiyo. Tamthilia ikionesha kwamba mjane wa Anwu alikosa kuolewa tena kwa sababu ya visa vya moyo, mtazamaji huusahau mkono wa sheria uliompa uchaguzi wa kikatili baina ya mali na mwenzi. Upweke wa Zhou Ying haukuwa ajali ya mapenzi. Ulikuwa sharti la kumiliki, kama vile mchango wake kwa Mama Malkia ulivyokuwa sharti la kubaki salama.

Tamati

Maisha ya Zhou Ying yalikuwa ya kulipa. Alilipa ujane ili apate mamlaka, akalipa fedha ili apate ngao, na kwa kile kilichobaki akawalisha watu wa kwao. Malipo mawili ya kwanza yalidaiwa na jamii na dola. La tatu hakuna aliyemdai, na ndilo linalostahili kuitwa hisani. Wema hauozi, wasemavyo Waswahili. Cheo cha daraja la kwanza kimebaki pambo la masimulizi, lakini chakula kilichogawiwa katika mwaka wa njaa ndicho kilicholifanya jina la mjane mmoja lisimulike baada ya nasaba nzima ya wafalme kuzikwa.